Mgonjwa Akirudi Nyumbani, Anamkuta Nani?



Leo tunaomba tufikiri pamoja juu ya jambo linalotusumbua tangu siku nyingi, ambalo tulikuwa tunaogopa kuliandika. Tuanze na mahali ambapo kila mmoja wetu amekwisha kufika, yaani uwanja wa hospitali. Nenda asubuhi mapema, utaona moshi wa makala. Ni walinzi wa wagonjwa wanaowasha mbabula. Mama amelazwa kwa malaria. Mdogo wake analala chini kwenye mkeka karibu na kitanda, anapika uji, anafua nguo, anakimbia kutafuta dawa, anamgeuza mgonjwa usiku. Hakuna aliyemwandika kazi, hakuna anayemlipa. Bila yeye hospitali zetu hazingeweza kufanya kazi hata siku moja.

Sasa tutoke hospitali, tushuke mtoni, pale mitumbwi inapopakia watu wa kwenda Alunguli. Pale pia mara nyingi tunamkuta mgonjwa. Anaongea peke yake, nguo zimepasuka, watoto wanamrushia mawe na watu wakubwa wanacheka. Huyu mlinzi wake ni nani? Mkeka umetandikwa wapi? Nani anampikia uji? Naye alizaliwa na mama. Ana kaka na dada, labda ana mke na watoto, na pengine wote wako hapa hapa Kindu, katika Kasuku au Mikelenge. Kwa nini malaria inawakusanya watu wa nyumba, na ugonjwa wa kichwa unawatawanya?

Hilo ndilo swali la leo. Msidhani linawahusu wale tu tunaowaona barabarani. Linamhusu pia mama ambaye halali usiku, anayekuambia tu: «Niko na mawazo mingi.» Linamhusu kijana aliyerudi kutoka machimboni, ambaye sasa lotoko ndiyo chakula chake cha asubuhi. Linamhusu binti aliyekutana na watu wa silaha njiani kutoka shambani, ambaye tangu siku ile hataki kuguswa. Linamhusu baba wa heshima, mwimbaji mzuri, ambaye kila kelele ya ghafula inamfanya atetemeke.

Jimbo letu la Maniema limeona mengi. Mji wetu ulitekwa na waasi katika Oktoba 1998. Mwaka 2002 ulizungukwa, na kwenda shamba kutafuta sombe kulikuwa kujitoa kufa. Watoto wa miaka ile leo ni wazazi. Katika mwaka 2019 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walihesabu kwamba katika inchi zilizopitia vita ndani ya miaka 10 iliyotangulia, karibu mtu 1 kati ya 5 anabeba ugonjwa fulani wa akili au wa moyo, mdogo au mkubwa. Ikiwa hesabu hiyo inatugusa sisi pia, basi tukikaa ibadani watu 200, wenye kubeba mzigo huo ni kama 40. Wanaimba pamoja nasi, wanatoa sadaka, wanarudi nyumbani. Nyumbani huko wanamkuta nani?

NASI TULIKOSA

Hatuwezi kuwafundisha wengine kabla ya kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alifiwa na mtoto. Baada ya matanga hakuweza tena kulala. Aliacha kupika, akaacha kuoga, akawa anatoka usiku kwenda kumtafuta marehemu. Aliyemleta kwetu ni yaya yake, dada mkubwa wa tumbo moja. Miaka miwili yaya huyo alikuwa amelala naye katika chumba kimoja. Kila usiku alikuwa anachukua kamba ya kitenge, anafunga ncha moja kwenye mkono wa mdogo wake na ncha nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, ili mdogo akiamka, naye aamke.

Tulimpokea kwa maombi. Siku ya tatu mmoja wetu alisema ameonyeshwa kwamba ugonjwa unatoka kwa mwanamke wa karibu, anayepika chungu kimoja na mgonjwa. Hakutaja jina, wala haikuwa lazima. Watu wote waligeuka kumtazama yaya. Kesho yake alivuka mto akarudi kwake, nasi hatukumzuia.

Mgonjwa alikaa nasi siku 21. Alianza kula, akalala, akaimba. Jumapili alisimama mbele akatoa ushuhuda, tukapiga makofi na vigelegele mpaka majirani wakaja kuchungulia. Jumatatu tulimsindikiza hadi mlangoni kwake, tukaomba, tukaondoka. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu. Mume alikuwa amekwisha kwenda machimboni. Ukoo ulikuwa umegawanyika sehemu mbili kwa sababu ya maneno yale. Asubuhi hakuna aliyemwuliza kama amelala. Miezi miwili haikuisha, akaonekana sokoni katika mvua, bila viatu, akiita jina la mtoto wake.

Nani alikwenda kumchukua? Ni yule yaya tuliyemfukuza kwa macho. Wazee wetu walipokwenda kumwomba msamaha, aliwapa viti na maji ya kunywa, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: «Ninyi mulimuombea siku makumi mbili na moja. Mimi nililala naye miaka mbili.»

Hatusemi kwamba maombi yale yalikuwa bure. Mama yule alipata pumziko kwetu, na tunamshukuru Mungu. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba uponyaji unakwisha kwenye «Amina». Na kosa kubwa zaidi ni kwamba kwa mkono mmoja tulimshika mgonjwa, na kwa mkono mwingine tukamnyang'anya mtu aliyekuwa anamshika kabla yetu.

YULE ALIYETUMWA NYUMBANI

Tufungue Injili ya Marko sura ya 5. Sisi sote tunaijua habari ya mtu aliyekaa makaburini. Watu wa mji wake walijaribu dawa moja tu, minyororo na pingu, na dawa hiyo ilishindwa. Bwana alimponya, akaonekana ameketi, amevaa nguo, akili zake zimetulia. Tumehubiri mara nyingi sana juu ya wale nguruwe kama 2,000 walioingia ziwani. Mara ngapi tumehubiri juu ya mstari wa 19?

Kabla tu ya mstari ule, mtu aliyeponywa anaomba awe pamoja na Yesu. Ni ombi zuri. Sisi tungelikubali upesi, tungempa kiti mbele ili watu wamwone. Lakini Bwana alikataa. Alimwagiza arudi nyumbani kwake, kwa watu wake. Kwa nini? Sisi tunaona hivi: mtu yule alikuwa amepoteza zaidi ya akili. Alikuwa amepoteza nyumba, jina na mahali pa kuketi wakati wa chakula. Kazi ya Bwana haikuishia katika kuondoa pepo, ilifika mpaka kumrudisha mtu kwa watu. Na tujiulize kwa hofu: kama siku ile wanafunzi wangelikuwa wamekwisha kuwafukuza watu wa nyumba yake kwa shutuma, angelirudi kwa nani?

Tutazame na Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19. Nabii mkubwa, aliyeshusha moto juu ya mlima, alilala chini ya mti jangwani akaomba afe. Basi nabii naye anaweza kufika hapo. Si jambo la wenye imani ndogo. Malaika hakumgombeza wala hakumwambia afunge kula. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Sisi mara nyingine tunampokea mtu aliyedhoofika, ambaye hajala siku tatu, na jambo la kwanza tunaloamuru ni afunge siku saba. Na akiwa anakunywa vidonge, tunamwambia avitupe ili kuonyesha imani. Ndugu, malaika wa Eliya hakufanya hivyo.

Na rafiki za Ayubu? Waliposikia msiba wake walikuja kutoka mbali, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku, bila kusema neno. Hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Ubaya ulianza walipofungua kinywa kueleza kosa ni la nani. Mwishoni mwa kitabu kile Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu.

MASWALI MAWILI

Ugonjwa ukiingia nyumbani, maswali mawili yanasimama mlangoni. La kwanza linauliza: nani amesababisha? La pili linauliza: nani atabeba? Sisi tunapenda la kwanza. Linatupa hadithi, linatupa mtu wa kumlaumu, na likikwisha kujibiwa tunaweza kwenda kulala. Swali la pili linatugharimu usiku wetu, sabuni yetu, unga wetu na franga zetu.

Lakini fikirini. Nyumba ya jirani ikiungua, hata tukijua kabisa nani aliwasha moto, mvua ikinyesha usiku huu watoto wanahitaji paa. Kujua sababu si kubeba mzigo. Na katika ugonjwa wa moyo na wa akili kuna hatari zaidi: jibu la swali la kwanza, likitolewa ovyo, linaua jibu la swali la pili. Tukisema shangazi ndiye, shangazi hatakuja tena na uji. Tukisema mtoto ndiye, mtoto atalala sokoni, na sasa tuna wagonjwa wawili. Malaria haina mshitakiwa, kwa hiyo kila mtu anaweza kukaribia kitanda bila hofu. Ugonjwa wa kichwa tumeufanya kuwa kesi, na katika kesi kila mtu anaogopa kuitwa. Hapo tunaona kwa nini uwanja wa hospitali una moshi, na mgonjwa wa mtoni hana.

Sisi ni kanisa la unabii, hatuwezi kuuzima. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasiudharau unabii, na mara moja akaongeza kwamba yote yapimwe. Basi tupime. Kipimo kimoja tunachowapa ni hiki: neno lililosemwa limewakusanya watu kumzunguka mgonjwa, au limewatawanya? Roho anayemfariji mgonjwa hawezi kumnyima wafariji. Na kwa habari ya watoto hakuna la kupima tena. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu. Anayelifanya jambo hilo kwa jina la kanisa amevunja sheria ya inchi, na amemjeruhi mdogo ambaye Bwana alimwita aje kwake.

DAWA NA SALA

Wengine watasema: «Sasa mnatuondoa katika maombi, mnatupeleka kwa waganga wa hospitali.» Hapana. Tunaomba mikono ishikane.

Tazameni Bukavu. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji na yeye mwenyewe mhubiri, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Wanawake walioharibiwa na vita walipofika pale, ilionekana kwamba kushona kidonda hakutoshi. Kwa hiyo msaada wa Panzi umesimama juu ya nguzo nne: matibabu ya mwili, msaada wa moyo, msaada wa sheria, na msaada wa kurudia maisha katika jamii, yaani kazi, chakula na mahali pa kukaa. Kidonda kikifungwa lakini mtu hana pa kurudi, bado ni mgonjwa.

Hospitali nayo isijivune. Muuguzi anaweza kukosa kama tulivyokosa sisi, akitoa vidonge dirishani na kudhani kazi imekwisha. Kidonge hakiulizi umelalaje. Kuna watu wanaohitaji dawa kweli kweli. Mwenye kifafa, kwa mfano, ana ugonjwa wa ubongo. Hauambukizi kwa kumgusa wala kwa kula naye sahani moja, na dawa zake zikinywewa kila siku bila kukosa zinawazuia wengi wasianguke. Lakini hata huyu anahitaji mtu wa kumkumbusha kidonge, na mtu wa kumtoa karibu na moto.

Na watu wasio waganga wanaweza kufanya nini? Wanaweza mengi, na jambo hilo limepimwa. Katika vijiji vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, wanawake 405 waliotendewa jeuri walifuatwa na wataalamu, na matokeo yalitangazwa mwaka 2013. Wote walipata wa kuwasaidia. Wengine walisaidiwa mmoja mmoja. Wengine waliketi katika vikundi vya watu 6 hadi 8, wakaongozwa na wanawake wa huko huko, ambao si madaktari bali walifundishwa kazi hiyo. Vikundi vyote viwili vilipata nafuu. Lakini miezi 6 baadaye, kati ya wale walioketi pamoja, 9 tu katika 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi. Kati ya wengine, 42.

Kule Zimbabwe, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na wabibi 14. Aliwaweka kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Mgonjwa wa mawazo anaketi karibu na bibi, anasema shida zake, na pamoja wanachagua moja ya kuanza nayo. Bibi hamfanyii uamuzi. Na baada ya benchi, mgonjwa anakaribishwa katika kikundi cha wenzake kinachoitwa kwa lugha yao Kubatana Tose, maana yake kushikana pamoja. Wanaketi, wanafuma mifuko, wanazungumza. Watu 573 walipimwa katika kazi hiyo, na habari ikatangazwa mwaka 2016. Miezi 6 baadaye, waliokuwa bado na dalili za huzuni nzito kati ya waliopita kwa wabibi walikuwa karibu 14 katika 100, na kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu 50.

Ndugu, wabibi wanaojua kusikiliza, je, tunawakosa Kindu? Benchi tunazo, tunaziketia kila Jumapili.

TUFANYE NINI HAPA KWETU

Hospitali kubwa za ugonjwa wa akili ziko mbali nasi: Kinshasa, Lubumbashi, SOSAME ya Bukavu, Tulizo Letu ya Goma. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 katika Januari 2025, na Bukavu katika Februari, njia za kule zimezidi kuwa ngumu. Tulicho nacho karibu ni vituo vya afya katika zoni mbili za mji wetu, ya Kindu na ya Alunguli. Mareko, wale wajitoleaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Majirani wa avenyu. Na sisi wenyewe. Si kidogo, ikiwa vinashikana. Kwa hiyo tunashauri mambo haya.

Kwanza, mgonjwa akija kwetu kwa maombi, swali letu la kwanza liwe: nani amekuwa anamtunza mpaka leo? Mtu huyo aheshimiwe, aketi karibu, asitazamwe kwa macho ya shaka.

Pili, tumpeleke kituo cha afya, na tumpeleke kwa miguu yetu. Kumwambia tu «nenda kwa muuguzi» ni kumwacha peke yake njiani. Tuvuke naye mto, tungoje naye kwenye foleni, tusikie dawa inanywewa namna gani. Na vidonge alivyoandikiwa visitupwe kwa agizo la mtu yeyote wa kanisa. Vikimletea shida, tumrudishe kwa aliyeviandika.

Tatu, kabla hajarudi nyumbani, wawili wetu wa mtaa wake waende kuitayarisha nyumba: waongee na jamaa, wapatanishe waliogombana, wajue nani atalala naye. Kisha wawe wanapita. Wasifike siku ya kwanza tu pamoja na korali. Wapite hata wiki ya nane, watu wanapokuwa wamesahau. Wabebe hata kifungu cha sombe. Wakikosa la kusema, waketi tu, kama rafiki za Ayubu siku zile saba za kwanza.

Nne, minyororo na fimbo visionekane kwetu. Mgonjwa akitaka kujiumiza au kuumiza wengine, watu wenye utulivu wamzunguke, vitu vya hatari viondolewe, na msaada wa kituo cha afya uitwe upesi. Kumbukeni kamba ya kitenge ya yule yaya. Mnyororo unamfunga mgonjwa peke yake, lakini kitenge kile kiliwafunga wawili.

Tano, mtu akisema amechoka kuishi, tusimkemee wala tusigeuze maneno. Tumwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa mlango wa kusema. Tusimwache peke yake, tuondoe sumu na visu nyumbani, na tumpeleke kituo cha afya siku ile ile.

SIRI NA USHUHUDA

Kuna shaka moja ambayo ni ya haki. Mtu atauliza: «Nikisema taabu yangu kwa watu wawili wa mtaa, kesho si itakuwa wimbo wa soko?» Wazee walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na ni kweli. Lakini mgonjwa haonei haya ugonjwa peke yake, anaogopa midomo yetu. Ikiwa tunataka watu wafunue, ni sisi tunaopaswa kwanza kujifunza kufunika. Habari ya mgonjwa ni mali yake. Iende kwa yule tu aliyemkubali, isiende kwa wengine hata kwa mavazi ya ombi. Tunajua sala nyingine za hadharani ambazo ni masengenyo yaliyofumba macho.

Na ushuhuda pia. Mtu akitaka kushuhudia, Mungu asifiwe. Lakini asisukumwe, wala asiwekwe mbele kabla hajapata nguvu, ili sisi tuonekane wenye uwezo. Mama yule wa habari yetu alishuhudia siku ya 21. Alipoanguka tena, aliona haya kurudi kwetu, kwa sababu alidhani ametutia aibu. Tulimfungia mlango kwa makofi yetu wenyewe.

ANAYEMLINDA MLINZI

Neno la mwisho ni kwa ajili ya yaya na wote wanaofanana naye. Anayemtunza mgonjwa wa akili anachoka kwa namna ambayo haionekani. Halali, hafanyi biashara, haalikwi kwenye sherehe, na mara nyingine anashitakiwa. Siku moja anafikiri moyoni: afadhali afe nipumzike. Kisha anajiona ni mtu mbaya kuliko wote. Si mbaya. Amebeba peke yake mzigo wa watu wanne. Katika Marko sura ya 2 aliyepooza alibebwa na watu wanne, na hatusomi kwamba mmoja wao alikwenda kupumzika milele. Tumsaidie yaya. Mtu mmoja alale kwa mgonjwa Jumamosi, yaya alale kwake. Mwingine amwangalie mgonjwa asubuhi, yaya aende sokoni kuuza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mtauliza mama yule yuko wapi leo. Yuko ng'ambo, nyumbani kwa dada yake. Hajapona kwa namna tuliyotangaza Jumapili ile. Ana siku nzuri na siku mbaya. Anakunywa dawa zake, anapalilia muhogo, na mwezi wa mtoto wake ukirudi halali. Wawili wetu wanavuka mto kila wiki kwenda kumwona. Mara ya kwanza yaya alisimama mlangoni, hakutukaribisha. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alitoa kiti kimoja. Sasa anatoa viwili, nasi tunaketi.

Basi tunawaachia swali lile lile, mlibebe mpaka Jumapili ijayo. Katika avenyu yako kuna mtu aliyerudi kutoka hospitali, kutoka vitani, kutoka machimboni, au kutoka matanga ya mtoto wake. Amefungua mlango wake jioni hii. Je, amemkuta nani?

Bwana aliyemrudisha yule wa makaburini kwa watu wake atufanye sisi kuwa watu wa kurudiwa. Amina.